Knowles au Gray? Wabunge wawili wakongwe wa Canada, na namna ya kumpima wa kwako kabla ya kupiga kura

Tarehe 18 Juni 1962 Wakanada walipiga kura, na matokeo ya usiku huo yaliwapeleka bungeni watu wawili ambao bado wanatajwa kila mazungumzo ya wabunge wakongwe yanapoanza. Stanley Knowles, aliyetimiza miaka 54 siku hiyohiyo, alirudishiwa kiti cha Winnipeg North Centre alichokuwa amenyang'anywa miaka minne nyuma. Herb Gray, wakili wa miaka 31 kutoka mji wa viwanda wa Windsor, Ontario, alishinda jimbo la Essex West kwa mara ya kwanza. Wakakaa ukumbi mmoja kwa miaka 22. Mmoja hakuwahi kuwa waziri hata siku moja. Mwingine alipanda mpaka Naibu Waziri Mkuu.

Nawaweka ubavu kwa ubavu kwa sababu ya swali linalowakabili Waswahili wengi wenye uraia wa Canada, waliotoka Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania au Uganda. Kura inapokaribia, mara nyingi jina moja kwenye karatasi ni la mtu aliyekaa bungeni miaka ishirini na zaidi. Arudi, au apumzishwe?

Kipimo tulichokizoea nyumbani ni kuuliza, "Mbunge wetu ametuletea nini?" Kenya ina mfuko wa maendeleo ya jimbo tangu 2003, Tanzania ina sheria ya mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo tangu 2009, na kabla ya hapo kulikuwa na harambee na michango. Canada mbunge hana fungu la namna hiyo. Anapewa bajeti ya ofisi na wafanyakazi, basi. Hawezi kukuchimbia kisima wala kukuezekea darasa. Ukimpima kwa kisima utamwonea, na ukimpima kwa idadi ya miaka aliyokaa utampendelea. Cha kuangalia ni namna alivyoitumia nafasi aliyokuwa nayo, na hapo ndipo Knowles na Gray wanapotusaidia, maana nafasi zao zilikuwa tofauti kabisa.

| | Stanley Knowles | Herb Gray |
|---|---|---|
| Kuzaliwa | 1908, Los Angeles, wazazi Wakanada | 1931, Windsor, wazazi Wayahudi waliohamia Canada |
| Kazi ya awali | Mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji, kisha mchungaji | Wakili |
| Chama | CCF, chama kidogo cha mrengo wa kushoto, baadaye NDP | Liberal |
| Bungeni | 1942–1958 na 1962–1984 | 1962–2002, bila kukatika |
| Cheo kikubwa serikalini | Hakuna | Naibu Waziri Mkuu, 1997–2002 |
| Kifo | 1997 | 2014 |

Kwa miaka mitupu Gray anaongoza: karibu 40 dhidi ya 38, na chaguzi kuu 13 mfululizo bila kushindwa. Hata hivyo rekodi ya Canada si yake, ni ya Wilfrid Laurier, aliyekaa bungeni karibu miaka 45 hadi alipofariki mwaka 1919. Tusibaki kwenye hesabu hiyo, haimsaidii mpiga kura.

Knowles: silaha yake ilikuwa kanuni

Winnipeg North Centre lilikuwa jimbo la wafanyakazi wa reli na wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, katika mji ambao mwaka 1919 ulisimama wiki sita kwa mgomo mkuu. J.S. Woodsworth, mmoja wa waliokamatwa kwenye mgomo ule, ndiye aliyekuwa mbunge wao tangu 1921. Alipofariki mwaka 1942 Knowles alishinda uchaguzi mdogo, akarithi kiti pamoja na deni lililokuja nacho: pensheni ya wazee.

Woodsworth alikuwa ameipata kwa ujanja mzuri. Baada ya uchaguzi wa 1925 Waziri Mkuu Mackenzie King alikosa wingi wa viti na akahitaji kura za watu wachache. Woodsworth na mwenzake A.A. Heaps wakamwambia bei yao ni pensheni. Sheria ikapita mwaka 1927: dola 20 kwa mwezi, zisizidi hapo, kwa mtu wa miaka 70 na kuendelea, tena baada ya kuchunguzwa mali yake. Yaani mzee alipaswa kwanza kuthibitisha ufukara wake mbele ya karani.

Kuna jambo moja la kikatiba lazima ulijue, maana bila hilo huwezi kumwelewa Knowles. Canada mbunge wa kawaida haruhusiwi kupeleka muswada unaotumia fedha za umma. Ni serikali peke yake inayoweza. Kwa hiyo mtu wa upinzani anayetaka wazee waongezewe pensheni hawezi kuiandika sheria hiyo mwenyewe hata akae bungeni miaka mia. Kilichobaki ni kuwafanya wenye uwezo wa kuiandika wachoke kukataa.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Knowles kwa miaka 38. Alizisoma kanuni za Bunge mpaka maspika wakawa wanamsikiliza yeye kabla ya kutoa uamuzi. Alijua dakika ambayo hoja inaweza kuingizwa, alijua lini serikali inahitaji ridhaa ya wabunge wote ili ijiharakishie mambo, na alijua namna ya kuinyima ridhaa hiyo. Na katika kila upenyo alirudi palepale: wazee, wajane, maveterani, wastaafu wa reli.

Mwaka 1952 pensheni ikawa ya kila mzee wa miaka 70 aliyetimiza masharti ya ukaazi, dola 40 kwa mwezi, bila kuchunguzwa mali. Mwaka 1957 serikali ya Liberal ikaongeza dola 6 tu, na hasira iliyofuata ikawa mojawapo ya mambo yaliyoiangusha. Kati ya 1966 na 1970 umri ukateremshwa hatua kwa hatua hadi 65. Mwaka 1973 pensheni ikaanza kupandishwa kila baada ya miezi mitatu kufuata gharama za maisha. Mwaka 1975 ikaja posho ya mwenzi wa mpokea pensheni mwenye umri kati ya 60 na 64. Sheria hizo zilipelekwa bungeni na serikali za vyama vingine, na mawaziri wengine ndio waliopigwa picha. Lakini ukifungua hansadi za miaka hiyo, jina la mtu anayeuliza, anayerudia kuuliza, anayekataa jibu la juzi, ni la Knowles.

Siku iliyomwonyesha vizuri zaidi ni ya mwaka 1956. Waziri C.D. Howe alitaka Bunge liikopeshe kampuni ya Trans-Canada Pipe Lines fedha za kujenga sehemu ya magharibi ya bomba la gesi, na alitaka jambo liishe mapema Juni. Serikali ilitoa taarifa ya kufunga mjadala kabla mjadala wenyewe haujaanza, kisha ikafanya hivyo katika kila hatua ya muswada. Knowles na wenzake wa CCF na Conservative wakapigana kwa kanuni, wakisimama kuomba mwongozo wa Spika saa baada ya saa. Alhamisi tarehe 31 Mei Spika René Beaudoin alikubali hoja ya upinzani ijadiliwe. Ijumaa asubuhi akageuka: akasema amekosea, na Bunge lirudi lilipokuwa jioni iliyotangulia, kana kwamba saa zile hazikuwapo. Wabunge wakatoka vitini wakamwendea hadi mbele ya kiti chake. M.J. Coldwell, kiongozi wa CCF aliyejulikana kwa upole, naye akashuka amekunja ngumi. Canada wanaiita Ijumaa Nyeusi mpaka leo.

Bomba lilijengwa. Muswada ulipita kama serikali ilivyotaka. Lakini mwaka uliofuata chama cha Liberal, kilichotawala mfululizo tangu 1935, kilitolewa madarakani, na namna kilivyoliburuza Bunge ilichangia sana. Napenda mfano huu kwa sababu unaonyesha faida na mpaka wa mbunge wa aina ya Knowles kwa pamoja. Hawezi kulizuia jambo ambalo wengi wameliamua. Anaweza kulifanya ligharimu.

John Diefenbaker, Waziri Mkuu mpya, alimwomba Knowles awe Spika. Kwa mtu aliyezipenda kanuni kiasi kile, na ambaye chama chake hakikuwa na dalili ya kutawala, hicho kilikuwa cheo cha juu kabisa alichoweza kukifikia. Alikataa. Spika hachangii mjadala, na Knowles asiyechangia mjadala wa pensheni angekuwa mtu mwingine.

Gray: silaha yake ilikuwa meza ya Baraza la Mawaziri

Windsor iko ukingoni mwa Mto Detroit, na ng'ambo ni Detroit yenyewe. Ukisimama upande wa Canada unayaona magorofa ya Marekani ng'ambo ya maji. Mji ule umeishi kwa magari: Ford, Chrysler, General Motors. Makao makuu yakipiga chafya Michigan, mtu wa Windsor anapoteza zamu yake. Kwa hiyo mbunge wa pale hana budi kujua uamuzi unafanyika chumba gani, na kuwamo ndani ya chumba hicho.

Gray aliingia chumbani mwaka 1969, Waziri Mkuu Pierre Trudeau alipomteua waziri bila wizara maalumu. Alikuwa Myahudi wa kwanza kuwa waziri wa serikali kuu ya Canada. Akapewa wizara ya mapato ya taifa mwaka 1970, kisha mambo ya walaji na makampuni. Mwaka 1972 ikatoka ripoti inayojulikana kwa jina lake hadi sasa, juu ya makampuni ya kigeni kumiliki uchumi wa Canada. Viwanda, migodi na mafuta vilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wamarekani, na ripoti ilitaka serikali iwe na chombo cha kuchuja uwekezaji wa nje na kuuliza Wakanada wanafaidikaje. Sheria ya kuunda chombo hicho ilipita mwaka 1973.

Tazama tofauti ya mwendo. Knowles alihitaji miongo kusogeza jambo moja. Gray alitoka kwenye ripoti hadi kwenye sheria ndani ya muda usiofika miaka miwili. Ukiwa serikalini mambo hufanyika.

Mwaka 1980 alikuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, na Chrysler ilikuwa inakaribia kufilisika. Marekani ilikuwa imekubali kuidhamini mikopo yake. Canada nayo iliombwa, na Gray akiongoza mazungumzo alishikilia kwamba dhamana ya Canada lazima iambatane na ahadi za ajira na uwekezaji Canada. Mwaka 1983 kiwanda cha Chrysler cha Windsor kilianza kutoa minivan, gari lililokuja kuendeshwa na familia nyingi Amerika Kaskazini, na kimeendelea kuzitoa kwa miongo. Familia ngapi za Windsor zimesomesha watoto kwa mishahara ya kiwanda hicho? Mbunge wa upinzani angeweza kulia machozi ya damu bungeni mwaka ule, na asingekaa kwenye meza ya mazungumzo.

Baadaye, chini ya Waziri Mkuu Jean Chrétien, alisimamia polisi, magereza na usalama wa taifa kuanzia 1993, huku akiwa pia kiongozi wa shughuli za serikali bungeni. Hapo ndipo alipopata sifa ya kujibu maswali kwa utulivu wa kukatisha tamaa. Aliyemuuliza kwa moto alijibiwa kwa sentensi ndefu, zisizo na kona, mpaka muulizaji akasahau alikasirikia nini. Waandishi wa habari wakauita ukungu wa Gray. Mtu huyohuyo mkavu, wa suti ya kijivu na miwani minene, alikuwa shabiki mkubwa wa muziki wa roki. Sijui kwa nini habari hiyo hunifurahisha kila niikumbukapo, lakini hunifurahisha.

Lazima tuseme pia kwamba ukungu ule una bei. Waziri anayejua kutojibu anailinda serikali yake, na mara nyingine anaikinga dhidi ya swali ambalo mwananchi alikuwa na haki ya kujibiwa. Knowles angelihesabu hilo kuwa kosa, nami niko upande wake.

Miaka ya njaa

Kama una muda wa kuangalia sehemu moja tu ya historia ya mbunge wako, angalia miaka ambayo chama chake kilikuwa chini. Miaka ya neema haikuonyeshi mtu.

Uchaguzi wa 1958 Diefenbaker alizoa viti 208 kati ya 265. CCF ikabaki na 8, na Knowles alikuwa miongoni mwa walioanguka. Hakwenda kutafuta ukurugenzi. Alihamia Canadian Labour Congress, muungano wa vyama vya wafanyakazi, akawa makamu wa rais mtendaji, na akaongoza kamati iliyounganisha vyama vya wafanyakazi na CCF. Matokeo yake ni NDP, iliyozaliwa mwaka 1961. Mtu aliyepoteza kiti alirudi bungeni akiwa na chama kipya kabisa. Tangu 1946 alikuwa akiishi na ugonjwa wa kudumu wa mishipa ya fahamu, na hilo halikumsimamisha.

Gray alionja njaa ya namna nyingine. Mwaka 1974 Trudeau alishinda kwa wingi wa viti, na papo hapo akamwacha Gray nje ya Baraza la Mawaziri. Kushindwa na wapinzani ni jambo moja, kuwekwa kando na mwenyekiti wako mwenyewe baada ya ushindi ni jambo jingine. Wengi hujiuzulu, au hununa. Gray alirudi viti vya nyuma akafanya kazi hadi alipoitwa tena mwaka 1980. Mwaka 1984 chama chake kikabaki na viti 40 tu. Yeye akashinda chake, akaongoza shughuli za upinzani bungeni, na mwaka 1990 alikuwa Kaimu Kiongozi wa Upinzani wakati chama kikimngoja Chrétien aingie bungeni. Miaka tisa ya upinzani, akiwa na umri ambao wanasheria wenzake walikuwa wakihesabu pesa.

Hapa siwezi kuwatenganisha. Wote wawili walipita mtihani.

Kilichobaki baada yao

Hapa ndipo ninapowatenganisha.

Brian Mulroney wa Conservative aliingia madarakani mwaka 1984, na mwaka 1985 serikali yake iligusa kazi za wote wawili. Chombo cha kuchuja uwekezaji wa kigeni kilichotokana na ripoti ya Gray kilifutwa, na mahali pake kikawekwa kingine chenye kazi ya kuwakaribisha wawekezaji. Hakuna aliyeandamana.

Mwaka huohuo bajeti ilitaka kupunguza upandishaji wa pensheni unaofuata gharama za maisha. Wazee wakajaa mbele ya majengo ya Bunge. Bibi mmoja wa miaka 63 alimkabili Waziri Mkuu uso kwa uso, mbele ya kamera, akamwambia amewadanganya. Baada ya siku chache serikali ikarudi nyuma.

Knowles hakuwa tena mbunge. Alipatwa na kiharusi mwaka 1981 na akaacha kugombea mwaka 1984. Lakini Bunge lilikuwa limempa heshima ambayo halikuwahi kumpa mtu mwingine: kiti cha maisha kwenye meza ya makatibu, katikati ya ukumbi. Alichokuwa amekijenga kwa maneno, mwaka baada ya mwaka, kilikuwa kimeingia kwenye vichwa vya watu, na kitu cha namna hiyo waziri mpya hakifuti kwa saini.

Ona pia yaliyotokea kwenye majimbo yao. Knowles alipoondoka mwaka 1984, NDP ilikishika kiti chake katika uchaguzi uleule uliowafagia wengi. Gray alipojiuzulu Januari 2002, baada ya ushindi 13 wa chama cha Liberal, uchaguzi mdogo wa Mei uliipa Windsor West, jina jipya la jimbo lake, mbunge wa NDP, Brian Masse, aliyekaa hadi aliposhindwa mwaka 2025. Naona ujumbe ndani yake: Windsor ilikuwa ikimpigia kura Gray. Winnipeg ilikuwa ikiipigia kura kazi.

Tusimpunje Gray, hata hivyo. Kiwanda kilisimama. Alipewa cheo cha heshima ambacho kwa kawaida ni cha mawaziri wakuu, magavana wakuu na majaji wakuu. Kuanzia 2002 hadi 2010 aliongoza upande wa Canada katika tume inayosimamia maji ya mpakani kati ya Canada na Marekani, kazi iliyomfaa mtoto wa Mto Detroit. Na barabara kuu inayokwenda kwenye daraja jipya la Windsor ina jina lake.

Sasa wewe, kwenye jimbo lako

Kama mkate wa jimbo lako unategemea mwajiri mmoja au sekta moja ambayo hatima yake iko Ottawa, yaani magari, chuma, mbao, uvuvi, tafuta Gray. Tafuta mtu mwenye nafasi ya kweli ya kuingia kwenye Baraza la Mawaziri, na umuulize atadai nini akiwa humo. Mbunge mwema aliye mbali na meza hatakusaidia siku kiwanda kinapotaka kuhamia Mexico.

Kama linalokusumbua ni pensheni, bima ya wasio na ajira, huduma za wenye ulemavu, au foleni za uhamiaji, mtafute Knowles, hata kama chama chake ni kidogo. Na sisi tuliohamia tuna sababu ya pekee. Pensheni ya wazee ya Canada hutolewa kwa hesabu ya miaka uliyoishi nchini baada ya kutimiza 18: miaka 40 kwa pensheni kamili, na angalau 10 ili upate chochote ukiwa unaishi humo. Aliyefika Winnipeg akiwa na miaka 45 na kufikia 65 amejipatia nusu. Mama uliyemleta akiwa na 60 atangoja mpaka 70 kuanza kupata robo. Haya ni maneno ya sheria, na sheria ya namna hii huhitaji mtu wa kuing'ang'ania kwa miaka.

Chama kidogo huwa na nguvu hasa pale serikali inapokosa wingi wa viti. Ndivyo ilivyokuwa 1972, Liberal wakiwa na 109, Conservative 107, na NDP 31 wakishika mizani. Upandishaji wa pensheni kila miezi mitatu ulikuja katika Bunge hilo. Mwaka 2022 NDP yenye wabunge 25 ilikubaliana na serikali ya Liberal kuiunga mkono, na miongoni mwa bei iliyodai ni huduma ya meno kwa wasio na bima. Njia ya Woodsworth na Knowles haijafungwa.

Walio Quebec wana mfano wa tatu, Louis Plamondon. Aliingia bungeni mwaka 1984 na Conservative, akahamia Bloc Québécois mwaka 1990 ilipokuwa ikizaliwa, na 2025 alichaguliwa tena. Chama chake hugombea Quebec peke yake, kwa hiyo hakiwezi kutawala Canada. Ni sauti ya mahali, basi, na mwenye kumpigia kura ajue ndicho anachokinunua. Vancouver Centre kuna Hedy Fry, daktari mzaliwa wa Trinidad, aliyemwangusha Waziri Mkuu Kim Campbell katika jimbo lake mwaka 1993 na hajaondoka tangu hapo. Amewahi kuwa waziri na amekaa muda mrefu zaidi viti vya nyuma, kwa hiyo mpime kwa vipimo vyote viwili.

Mimi nikilazimishwa kuchagua mmoja bila kujua jimbo, namchagua Knowles. Gray alikuwa hodari, na Windsor ilifanya vyema kumrudisha mara 13. Lakini cheo cha uwaziri hutolewa na mtu mmoja na kunyang'anywa na mtu huyohuyo, kama 1974 ilivyoonyesha. Bidii ya Knowles haikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu yeyote.

Kuna kipimo kingine ambacho hakimo katika historia ya hawa wawili, nacho ni ofisi ya jimbo. Faili ya uhamiaji iliyokwama, mafao ambayo hayajafika, hati ya kusafiria: ofisi ya mbunge inaweza kuulizia kwa niaba yako, uwe ulimpigia kura au hukumpigia. Waulize majirani na watu wa kanisani au msikitini kwenu ni nani aliyekwenda pale akasaidiwa, na nani aliyezungushwa. Kura alizopiga mbunge na kila neno alilosema bungeni vimo kwenye tovuti ya Bunge, bure. Ukiingiza msimbo wako wa posta unapata jina lake. Barua ya kumwandikia bungeni Ottawa haihitaji stempu. Muulize mambo mawili: ni jambo gani amelisukuma kwa zaidi ya miaka mitano, na limefika wapi. Kampeni za Canada ni fupi, siku 37 hadi 51 kwa sheria, na zikishaanza kila mgombea ana majibu matamu, kwa hiyo andika barua hiyo mapema.